Elimu rika katika maabara ya kemia: jinsi walimu wa sayansi wanavyofundishana kabla ya kufika shuleni kwenu

Mwalimu wa kemia anayepangiwa shule ya sekondari ya kata hafiki akiwa amejua kila kitu kutoka kwa mhadhiri peke yake. Mengi ya anayoyajua kwa mikono, yaani kushika bureti, kusoma kipimo, kuchanganya asidi bila kuungua, aliyapata akiwa amesimama meza moja na wanafunzi wenzake. Makala haya yanaeleza elimu rika katika maabara za kemia za vyuo vikuu: ni nini, ilianzia wapi, inaendeshwaje, inasaidia wapi na inaharibika wapi. Mwishoni kuna jaribio dogo ambalo kikundi cha wanafunzi kijijini kinaweza kulifanya kwa vitu vya nyumbani.

Kwa ufupi

- Elimu rika ni wanafunzi kufundishana chini ya utaratibu uliopangwa, mwalimu akiwepo.
- Kiongozi rika ni mwanafunzi aliyekwisha kulipita somo hilo. Kazi yake ni kuuliza na kuongoza. Hatoi majibu wala hasahihishi mitihani.
- Katika maabara, kundi zuri ni dogo, kila mtu ana kazi yake, na kazi hizo hubadilishana.
- Hatari kubwa ni mmoja kufanya na wengine kunakili.
- Temeke kuna chuo kikuu kishiriki kinachoandaa walimu wa sekondari, wakiwemo wa kemia. Ndiyo maana jambo hili linamgusa hata mzazi aliye mbali na Dar es Salaam.

Maana ya elimu rika

Neno "elimu rika" wengi tulilisikia kwanza kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI. Waelimishaji rika walikuwa vijana waliofundishwa kidogo, kisha wakaenda kuzungumza na vijana wenzao. Wazo lilikuwa kwamba kijana humwuliza kijana mwenzake jambo ambalo hawezi kumwuliza mtu mzima.

Darasani wazo ni hilohilo. Mwanafunzi aliyeelewa jambo mwezi uliopita bado anakumbuka pale palipomkwamisha. Mhadhiri aliyelifahamu miaka thelathini iliyopita amekwisha kusahau kwamba liliwahi kumkwamisha. Kwa hiyo maelezo ya mwenzako mara nyingine hufika haraka kuliko maelezo ya profesa, ingawa profesa anajua zaidi.

Tusichanganye kiongozi rika na kiranja. Kiranja anasimamia nidhamu: nani amechelewa, nani anapiga kelele. Kiongozi rika anasimamia uelewa: nani amekwama, kwa nini, na swali gani litamtoa hapo.

Wala tusichanganye elimu rika na "diskasheni" ya kawaida ya chuoni. Diskasheni ni wanafunzi kukaa usiku chini ya taa na madesa yao, na mara nyingi kipanga mmoja huzungumza huku wengine wakiandika. Ina faida zake, lakini haina mpango. Elimu rika ina muda maalumu, ina maswali yaliyoandaliwa, na kiongozi wake amefunzwa namna ya kuongoza.

Ilianzia wapi?

Kufundishana si jambo geni pwani yetu. Katika vyuo vya Kurani, mwalimu mmoja anaweza kuwa na watoto wengi wa viwango tofauti, na wakubwa huwasikiliza wadogo wakisoma.

Katika shule za Ulaya, mtindo huu ulipata sifa baada ya Andrew Bell, aliyekuwa akisimamia kituo cha watoto yatima huko Madras, India, kuchapisha taarifa yake London mwaka 1797. Alikuwa amewatumia wavulana wakubwa kuwafundisha wadogo. Joseph Lancaster naye akafanya jambo linalofanana na hilo jijini London katika miaka hiyohiyo. Shida ya mitindo yao ni kwamba mtoto mkubwa alikuwa kama mwangwi wa mwalimu: alirudia alichoambiwa, na mdogo akakariri.

Mtindo unaotumika leo katika kemia una sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwalimu wa kemia David Gosser na wenzake katika City College ya New York, Marekani, waliona wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wakianguka au kuacha somo la kemia. Wakawaomba wanafunzi waliofaulu somo hilo warudi kuongoza vikundi vya watu sita hadi wanane, mara moja kwa wiki, wakitatua maswali pamoja. Viongozi walipewa mafunzo. Walikatazwa kutoa majibu. Mpango huo ulienea katika vyuo vingi vya Marekani na baadaye nje ya nchi hiyo.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1991, Eric Mazur wa Harvard alianza kusimamisha mihadhara yake ya fizikia katikati. Aliuliza swali, akawaacha wanafunzi wabishane na waliokaa jirani nao, kisha akauliza tena.

Tanzania nayo ina historia yake, na redio imo ndani yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Viongozi wa vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanakijiji waliopewa mafunzo mafupi. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu kidogo, kikajadili, kisha kikaenda kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Wazee wengi wanaosoma makala haya walikuwepo. Waliyoyafanya chini ya mwembe ndiyo wanafunzi wa kemia wanayoyafanya kwenye meza ya maabara: kusikia, kubishana kwa adabu, halafu kushika kazi.

Kwa nini Temeke?

Katika eneo la Chang'ombe, Manispaa ya Temeke, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa na ule wa Uhuru, kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kinachojulikana kwa kifupi kama DUCE. Kabla ya hapo palikuwa na chuo cha ualimu. Mwaka 2005 kilipandishwa hadhi na kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati mmoja na Mkwawa ya Iringa.

Mwaka huo haukuja kwa bahati. Mwaka 2004 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Shule za kata zikajengwa nchi nzima kwa nguvu za wananchi na Serikali. Majengo yalikuja haraka, walimu hawakuja kwa kasi hiyo, na wa sayansi ndio waliokuwa wachache kuliko wote. Vyuo kama DUCE na Mkwawa vilipewa kazi ya kujaza pengo hilo.

Baadaye ikaja kampeni ya maabara. Mwishoni mwa 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Muda ukaongezwa hadi 2015. Wananchi wengi wanaikumbuka michango ile, mifuko ya saruji na tripu za mchanga.

Sasa jiulize: chumba kimesimama, meza zipo, labda na vifaa vichache vipo. Atakayevishika ni nani? Ni yule mwalimu kijana. Kama chuoni alisimama nyuma ya kundi la watu kumi akinakili namba za mwenzake, atafika shuleni kwenu na kuchora bureti ubaoni. Wanafunzi wataichora kwenye madaftari. Siku ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne wataishika kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo suala la nani anashika nini kwenye maabara ya Chang'ombe linakuwa suala la mtoto wa Kilwa, Kasulu au Kishapu.

Maabara ya chuo inavyoendeshwa

Vyuo vinatofautiana, lakini mwenendo wa kipindi cha vitendo cha kemia mwaka wa kwanza unafanana kwa sehemu kubwa.

Wanafunzi hupewa karatasi ya maelekezo. Huingia wamevaa makoti meupe. Fundi sanifu wa maabara huwa amekwisha kuandaa kemikali na vifaa. Mhadhiri au msaidizi wake hueleza kazi ya siku, wanafunzi hugawanywa, kazi hufanyika kwa saa kadhaa, na baadaye kila mmoja au kila kundi huwasilisha ripoti.

Tatizo ni hesabu. Wanafunzi wanapokuwa wengi na wasimamizi wachache, msimamizi mmoja hawezi kuwa kila meza. Mwanafunzi aliyekosea hatua ya pili hugundua kwenye hatua ya kumi, na muda umekwisha. Ndipo huzuka tabia inayojulikana vyuoni kama "kupika data": kuandika namba zinazofanana na jibu linalotarajiwa, bila kupima.

Elimu rika inaingia hapo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwaweka wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu kama viongozi rika, kila mmoja akiangalia meza chache. Ya pili ni kupanga kazi ndani ya kundi lenyewe ili hakuna anayebaki mtazamaji. Njia ya pili haihitaji fedha wala mtu wa ziada, kwa hiyo ndiyo inayoweza kuigwa hata na shule ya kata.

Mfano: meza moja, watu wanne, titresheni moja

Titresheni ni kupima nguvu ya myeyuko mmoja kwa kutumia mwingine ambao nguvu yake inajulikana. Ni jaribio ambalo karibu kila aliyesoma kemia amekutana nalo, kuanzia sekondari hadi chuo.

Kuna asidi ya haidrokloriki ambayo nguvu yake haijulikani. Kuna myeyuko wa hidroksaidi ya sodiamu, besi yenye nguvu ya 0.1 M, yaani moli 0.1 katika kila lita. Kwa pipeti wanapima sentimita za ujazo 25 za besi na kuziweka kwenye chupa ya koni. Wanatia matone mawili au matatu ya kionyeshi cha fenoltaleni, na besi inageuka waridi. Asidi iko juu kwenye bureti. Wanaifungulia kidogo kidogo huku wakitikisa chupa, mpaka tone moja linapoiondoa rangi ya waridi. Hapo wanafunga na kusoma.

Kundi linagawana kazi nne:

1. Mshika bureti: anafungua na kufunga koki, na kutikisa chupa.
2. Msomaji: anainama mpaka jicho lake liwe sawa na usawa wa asidi, kisha anasoma kipimo.
3. Mwandishi: anaandika namba palepale kwa kalamu ya wino, bila kufuta.
4. Mwangalizi: anafuata karatasi ya maelekezo, anaangalia usalama, na ana haki ya kusema "subiri".

Baada ya kila mzunguko kazi zinahama. Aliyeandika anashika bureti, aliyeshika anasoma. Mizunguko minne ikiisha, kila mmoja amefanya kila kitu.

Tuseme mzunguko wa kwanza, ambao ni wa makadirio, ulitoa 25.10. Mitatu iliyofuata ilitoa 24.60, 24.50 na 24.40. Ule wa makadirio unaachwa. Wastani wa mitatu ni 24.50. Kwa kuwa asidi hii na besi hii hukutana moja kwa moja, moli kwa moli, nguvu ya asidi ni 0.1 mara 25, gawanya kwa 24.50. Jibu ni 0.102 M.

Hesabu hiyo ni rahisi. Kazi ngumu ni kuifanya 24.50 iwe ya kweli, na hapo ndipo jicho la mwenzako linapookoa. Haya ni makosa ambayo mtu peke yake hayaoni kwa urahisi:

- Bureti imeoshwa kwa maji tu na haikusuuzwa kwa asidi yenyewe. Maji yaliyobaki yanaipunguza asidi nguvu, na kipimo kinapanda.
- Faneli imeachwa juu ya bureti. Tone lililobaki ndani yake linadondoka katikati ya kazi, na kipimo kinashuka.
- Kuna kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti. Kikitoka wakati wa kupima, bureti inaonyesha asidi nyingi kuliko iliyoingia kwenye chupa.
- Chupa ya koni imesuuzwa kwa besi badala ya maji safi. Besi inazidi, na kipimo kinapanda.
- Msomaji amesimama wima na kutazama kwa juu. Kipimo chake hakilingani na cha aliyeinama.

Kiongozi rika anayejua kazi yake akiona faneli imebaki juu, hasemi "toeni faneli". Anauliza: "Kabla ya kufungua koki, kuna kitu chochote juu kinachoweza kudondoka?" Kundi linatazama, linacheka, linaitoa. Mwanafunzi aliyeambiwa atasahau wiki ijayo. Aliyeigundua mwenyewe mbele ya wenzake hasahau.

Kiswahili mezani, Kiingereza kwenye ripoti

Kuna faida moja ya kundi ambayo hapa kwetu ni kubwa kuliko huko mtindo huu ulikoanzia. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya Serikali alisoma kwa Kiswahili. Sekondari na chuo anasoma kwa Kiingereza. Mhadhiri anazungumza Kiingereza, karatasi ya maelekezo ni Kiingereza, ripoti ni Kiingereza.

Kundini, wanafunzi huzungumza wanavyozungumza. "Ukizidisha tone moja tu umeharibu." "Rangi ikirudi baada ya kutikisa, bado." Jambo linaeleweka kwanza kwa lugha ya mtu, kisha linatafutiwa maneno ya kuandikia. Mwanafunzi ambaye asingethubutu kunyoosha mkono mbele ya watu mia mbili kwa Kiingereza, humwuliza jirani yake kwa sauti ya chini.

Kiongozi rika mwerevu huacha hilo liendelee, lakini mwishoni huwataka wanakundi waseme matokeo yao kwa Kiingereza cha ripoti, kwa sababu mtihani utawadai hivyo.

Je, kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya sayansi, hesabu na uhandisi ya mihadhara mitupu na yale ambayo wanafunzi hushiriki, mengi yakiwa na kazi za vikundi. Katika madarasa ya mihadhara, walioanguka walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Katika yale ya kushiriki walikuwa asilimia 21.8.

Namba hizo zisomwe kwa uangalifu. Zilihusu madarasa ya nadharia zaidi kuliko maabara, na ushiriki una njia nyingi. Elimu rika ni mojawapo. Lakini zinaonyesha kwamba muda wanafunzi wanaoutumia kuzungumza na kufanya haupotei bure, kama ambavyo baadhi ya walimu wa zamani huamini.

Faida nyingine ni kwa kiongozi mwenyewe. Huwezi kumwuliza mtu swali zuri juu ya jambo ambalo hujalielewa. Kwa mwanafunzi wa ualimu hii ni faida mara mbili: anajifunza kemia tena, na anajifunza kufundisha kabla hata ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mashuleni.

Inaharibika wapi?

Kundi likiachwa lijiendeshe, huharibika kwa njia zinazojulikana.

*Kipanga anafanya yote.* Anajua, ana haraka, na wenzake wanafurahi. Wote wanapata alama nzuri ya ripoti, lakini aliyejifunza ni mmoja. Dawa yake ni kuhamisha kazi kila mzunguko, na msimamizi kumwuliza mwanakundi yeyote, bila kuchagua, aeleze hatua yoyote.

*Wasichana wanaandika, wavulana wanashika.* Mara nyingi hakuna anayeamuru iwe hivyo, hutokea tu. "Wewe una mwandiko mzuri, andika." Muhula mzima unapita na msichana hajagusa koki. Kisha anakuwa mwalimu, na wanafunzi wake wa kike wanamwona anaogopa vifaa. Orodha ya zamu iliyoandikwa na kubandikwa mezani huondoa mazoea haya bila ugomvi.

*Kosa linaenea.* Kiongozi rika akielewa vibaya, meza nne zinaelewa vibaya. Kwa hiyo viongozi wanapaswa kulifanya jaribio wao kwanza, pamoja na mhadhiri, kabla ya siku ya kipindi. Na wawe huru kusema "sina hakika, tumwulize mwalimu".

*Kunakili ripoti.* Kufanya jaribio pamoja kunaruhusiwa. Kuandika maelezo yaleyale neno kwa neno ni wizi wa kazi. Wanafunzi waelezwe mpaka huo uko wapi kuanzia siku ya kwanza. Namba zinaweza kuwa za kundi. Maelezo ni ya kila mtu.

*Chuo kutumia wanafunzi badala ya kuajiri.* Hili ni la wakubwa. Kiongozi rika anamsaidia mhadhiri na fundi sanifu, hachukui nafasi yao. Chuo kikitumia elimu rika kama kisingizio cha kutoajiri, usalama unakuwa wa kwanza kuumia.

Usalama hauachiwi rika

Kuna mambo ambayo hayajadiliwi kundini. Yanafuatwa.

Asidi kali humiminwa kwenye maji taratibu. Maji hayamiminwi kwenye asidi kali, kwa sababu joto linalozuka hurusha asidi usoni. Pipeti hainyonywi kwa mdomo, inatumia puto lake la mpira. Miwani ya kukinga macho inavaliwa. Kemikali ikiingia jichoni, jicho linaoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha mtu anapelekwa hospitali. Chakula hakiingii maabara, na chupa ya maji ya kunywa haitumiki kuhifadhia kemikali hata kwa dakika moja.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Shule iliyoachiwa chupa zisizo na lebo isijaribu kuzinusa wala kuzimwaga shimoni. Iulize.

Kwa shule na vikundi vya vijijini: jaribio la choya

Hamhitaji maabara kuanza. Choya, ambayo wengine huiita rozela, ina rangi inayobadilika ikikutana na asidi au besi. Ni kionyeshi, kama ile fenoltaleni ya chuoni.

Mnachohitaji: konzi moja ya choya kavu, nusu kikombe cha maji moto, glasi nne za kuonea, ndimu, chumvi, magadi na maji safi.

1. Loweka choya kwenye maji moto dakika kumi, kisha chuja. Mtapata maji mekundu.
2. Glasi ya kwanza weka maji matupu, ya pili maji ya ndimu, ya tatu maji yenye chumvi kidogo, ya nne maji yenye magadi kidogo.
3. Kabla ya kutia choya, kila mtu aandike anachodhani kitatokea kwenye kila glasi. Asimwonyeshe mwenzake bado.
4. Tia kijiko kimoja cha maji ya choya katika kila glasi. Tazameni.
5. Kila mmoja asome alichodhani, na aeleze kwa nini. Bishaneni. Kisha rudieni.

Ndimu ni asidi, kwa hiyo wekundu unang'aa. Magadi ni besi, na rangi hugeuka kuelekea kijani. Maji ya chumvi yatafanana na maji matupu, na hapo ndipo ubishi mzuri huanza, kwa sababu wengi hudhani chumvi nayo itabadilisha kitu. Sasa chukueni ile glasi ya magadi, muikamulie ndimu tone kwa tone, mkihesabu, mpaka wekundu urudi. Mmefanya titresheni. Povu mtakaloliona ni gesi ya kaboni dayoksaidi ikitoka kwenye magadi.

Angalizo: msinywe chochote kilichochanganywa, msiguse macho mkiwa na magadi mikononi, na nawaneni kwa maji mengi mkimaliza. Msitumie maji ya betri ya gari. Hiyo ni asidi ya salfuriki na inaunguza.

Gawaneni kazi nne kama ilivyoelezwa juu: mtiaji, mtazamaji, mwandishi na mwangalizi. Hamisheni kazi kila mara. Mkubwa aliyepo, awe mwalimu, mzazi au kaka aliyemaliza kidato cha nne, akumbuke sharti moja: aulize, asijibu.

Maswali ambayo mzazi anaweza kuuliza shuleni

Kamati na bodi za shule huwa zinauliza juu ya madawati na chakula. Kwa maabara, ulizeni pia haya:

- Mtoto wangu ameshika vifaa mwenyewe mara ngapi muhula huu?
- Makundi ya vitendo yana watu wangapi?
- Wasichana wanapata zamu ya kushika vifaa, au wanaandika tu?
- Nani ana ufunguo wa maabara, na hufunguliwa siku zipi?

Maabara iliyojengwa kwa michango yenu ikifungwa kwa kufuli hadi wiki ya mtihani, ni kama ghala lisilo na mahindi.

Maneno yaliyotumika

- *Asidi*: kitu chenye uchachu, kama maji ya ndimu, zilizo kali huunguza.
- *Besi*: kinachopoza asidi, kama magadi au maji ya majivu.
- *Bureti*: mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki chini.
- *Kionyeshi*: kitu kinachobadilika rangi kuonyesha asidi au besi.
- *Moli*: kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe ndogo sana, kama vile dazani inavyohesabia mayai.
- *Pipeti*: mrija wa kioo wa kuchotea kiasi kimoja maalumu cha kimiminika.
- *Titresheni*: kupima nguvu ya myeyuko kwa kutumia mwingine unaojulikana.